Kopo la bei kubwa au mafuta ya nazi? Fedha ya nywele iende wapi



Kila mwaka kuanzia mwezi wa Oktoba, fedha ya korosho inapoanza kuingia nyumbani, maduka ya Masasi na Newala hupanga makopo mapya ya nywele. Ndipo akina mama huniuliza kliniki: "Sista, ninunue ile ya bei kubwa au hii ya bei ndogo?" Leo nataka kujibu swali hilo, lakini kwanza nitawasimulia habari ya mtoto mmoja.

Mwaka mmoja, baada ya mauzo ya korosho, mama mmoja wa upande wa Newala alimleta binti yake wa darasa la tatu. Kichwani palikuwa na uvimbe laini uliojaa usaha, na nywele zimekatika pande zote. Ndani ya mkoba wa mama mlikuwa na makopo matatu ya mafuta ya kukuza nywele. Moja lilimgharimu kuliko sare ya shule. Alikuwa amempaka mtoto kwa miezi miwili, asubuhi na jioni. Tangu mwanzo mtoto alikuwa na mapunye. Tulimtibu akapona, lakini pameachwa kovu la ukubwa wa kiganja chake, na hapo nywele hazioti tena.

Mama yule hakuwa mzembe wala bahili. Alitoa fedha nyingi kuliko wengi wetu. Kosa lilikuwa kununua kabla ya kujua mtoto anaumwa nini.

Mafuta na sabuni: hapa tunaweza kubana

Unywele unaouona nje ya ngozi hauna uhai. Haulishwi kwa vitamini za kwenye kopo. Tunachoweza kufanya ni kuusafisha, kuulainisha na kuukinga usikatike.

Ukisoma karatasi ya makopo mengi ya mafuta ya nywele, ya bei kubwa na ya bei ndogo, utakuta mwanzoni kabisa vitu vile vile: mafuta ya parafini na vaselini. Vinavyobaki ni harufu, rangi na picha ya dada mwenye nywele ndefu. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya parafini. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele wakati wa kuosha, kwa sababu huweza kupenya ndani ya unywele. Basi nazi zinazopanda gari kutoka pwani kuja kwetu zinaweza kufanya kazi ambayo kopo la parafini haliwezi, hata kama kopo lina bei kubwa. Paka kidogo kwenye nywele kabla ya kuosha, si kumwaga kichwani kila siku. Mwenye mba asijaze mafuta kwenye ngozi ya kichwa, maana mba huweza kuongezeka.

Shampuu nayo, kwa sehemu kubwa, ni maji na kitoa-povu. Ya bei ndogo husafisha vizuri. Lakini sabuni ya mche ya kufulia ni kali mno kwa nywele, huzikausha zikakatika. Shampuu ya kawaida mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili inatosha watu wengi.

Dukani, usilinganishe bei ya chupa kwa chupa. Tuseme chupa ya mililita 250 inauzwa shilingi 10,000, na nyingine ya mililita 500 shilingi 6,000. Ya kwanza ni shilingi 4,000 kwa kila mililita 100, ya pili ni shilingi 1,200. Hapo ndipo utaona unalipa mara ngapi zaidi.

Dawa ya kulainisha: hapa tusibane

Dawa ya kulainisha nywele ni jambo jingine. Nyingi zina sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki ile ile inayotumiwa na watengeneza sabuni. Nyingine, ambazo huandikwa kwamba hazina kostiki, hutumia kalsiamu haidroksaidi, nazo pia huunguza. Kwa hiyo usinunue dawa inayopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi au nailoni. Hujui imetengenezwa lini, wala imechanganywa na nini. Nunua kopo lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, maelezo na tarehe ya mwisho wa matumizi, ambalo halikukaa juani.

Tena, bei ya dawa hii si ile ya kwenye kopo tu. Ongeza bei ya maji. Dawa lazima ioshwe mpaka iishe kabisa, na ndoo moja haitoshi. Sote tunajua shida ya maji juu ya Uwanda wa Makonde wakati wa kiangazi. Nimewaona wasichana walioungua shingo na masikio kwa sababu maji yaliisha kabla dawa haijatoka. Kama maji ya kutosha hayapo, siku hiyo dawa isipakwe.

Kumbukeni pia haya:

1. Usipake kwenye kichwa chenye kidonda au kilichokunwa. Kwanza paka vaselini kwenye ngozi ya kichwa, shingo na masikio. Mpakaji avae glavu.
2. Usizidishe dakika zilizoandikwa. Ikianza kuwasha au kuchoma, osha mara moja. Kuvumilia si urembo.
3. Ikiunguza au ikiingia jichoni, mimina maji safi kwa dakika 20 au zaidi, kisha njoo hospitali. Usiweke limau wala siki.
4. Mtoto akiimeza, usimtapishe. Mlete haraka, na kopo lije pamoja naye.
5. Watoto wadogo wasipakwe kabisa.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, na saratani hiyo si ya watu wengi. Hata hivyo ni sababu nzuri ya kupunguza.

Ugonjwa hautibiwi kwa kopo la urembo

Mapunye ni fangasi. Huingia ndani ya unywele mpaka chini ya ngozi, mahali ambapo mafuta ya kupaka hayafiki. Tiba yake ni vidonge, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, baada ya chakula. Kipimo hupangwa na mganga kwa uzito wa mtoto. Ndugu zake wachunguzwe pia. Wasishirikiane kofia, taulo wala kitana, na mashine ya kunyolea isafishwe kwa spiriti kila baada ya kichwa. Usimpake krimu yenye steroidi uliyoambiwa na jirani: hutuliza muwasho huku fangasi wakiendelea kuenea.

Wapo pia akina mama ambao nywele za kwenye paji zimerudi nyuma. Mara nyingi sababu ni misuko ya kubana na nywele za bandia nzito. Dawa ya kwanza haina bei: fumua, legeza, pumzisha. "Twende kilioni" iliyosukwa na jirani bila kuvuta ni salama kuliko msuko wa gharama unaoumiza usiku kucha. Ukichelewa, ngozi hufanya kovu, na hakuna mafuta yatakayorudisha nywele.

Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kopo jipya hupendeza macho, lakini kabla ya kutoa fedha jiulize: ni uchafu, ni ukavu, au ni ugonjwa? Kwa uchafu na ukavu, cha bei ndogo kinatosha. Kwa dawa kali, lipia kopo zima na maji ya kutosha, au acha. Kwa ugonjwa, nauli ya kuja kliniki ndiyo matumizi bora.

Binti yule sasa yuko sekondari. Hufunga kitambaa, na ananisalimia akicheka. Mama yake akiona mtoto wa jirani ana mabaka kichwani, haulizi bei ya mafuta. Humwambia mwenzake: "Mpeleke kesho."