Alizuiwa na kamati

Ukiomba kwa miaka mingi na jibu likawa "hapana", tena kutoka kwa watu wa kanisa lenyewe, utashika nini?

Mwaka 1985 Posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 22 yenye sura ya Mary McLeod Bethune, mwalimu. Wazazi wake walikuwa watumwa huko South Carolina, ambako sheria ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Binti yao, mtoto wa 15 kati ya 17, akaja kubandikwa kwenye bahasha za barua. Hebu litafakari hilo.

Lakini nataka tukae na ile "hapana". Mary alisoma Biblia katika chuo cha Moody, Chicago, akiwa na nia moja: kuja Afrika kuhubiri Injili. Alipoomba kutumwa, bodi ya misheni ya Wapresbiteri ilimjibu kwamba haikuwa na nafasi Afrika kwa mmisionari mweusi. Afrika! Hakuna jambo lililomvunja moyo kama hilo.

Tusikimbilie kusema yalikuwa mapenzi ya Mungu. Ulikuwa ubaguzi, na Mungu asisingiziwe. Mtume Paulo naye alizuiwa kuingia Bithinia, tunasoma katika Matendo 16, ila yeye alizuiwa na Roho. Mary alizuiwa na kamati. Kama nawe umewahi kufungiwa mlango na kamati, unaijua tofauti hiyo. Unaweza kuiita dhuluma kwa jina lake na bado ukaamka kesho kufanya kazi ya Bwana.

Yeye alishika chaki. Mwaka 1904, mjini Daytona, Florida, alifungua shule kwa dola moja na senti 50, akiwa na wasichana watano. Kwa bei ya stempu yake, fedha hizo zingenunua stempu sita tu! Walikalia masanduku ya mbao na kukamua matunda ya porini kupata wino. Akauza pai za viazi vitamu ili apate kiwanja, nacho kilikuwa jalala. Leo shule hiyo ni Chuo Kikuu cha Bethune-Cookman.

Na Afrika? Alifika, mwaka 1952, akiwa na miaka 76. Serikali ya Marekani ilimtuma Liberia kuiwakilisha katika kuapishwa kwa Rais Tubman.