Uzi ‘unaoyeyuka’ hauyeyuki

Jirani yangu wa hapa Miritini alishonwa jeraha la mguu kwa uzi wa hariri, akaambiwa arudi baada ya siku kumi kutolewa nyuzi. Hakurudi. “Mke wangu alipojifungua si aliambiwa uzi wayeyuka wenyewe?” aliniuliza. Wiki ya tatu mguu ulikuwa umefura na kutunga usaha.

Msomaji, neno ‘kuyeyuka’ lina sehemu yake katika kosa hilo. Kinachoyeyuka ni samli juani au sukari katika chai. Uzi wa kidonda hauendi hivyo. Ule wa protini humeng’enywa kama nyama tumboni, halafu mwili ukaufyonza. Kwa hivyo tuseme uzi unaofyonzwa, na mwenzake uzi wa kutolewa.

Sasa, kwa nini protini moja ifyonzwe upesi na nyingine ikawie? Tuanze na uzi wa matumbo ya kondoo au ng’ombe, ambao madaktari waliutumia kwa karne nyingi. Jina lake la Kiingereza limebeba neno ‘paka’, na anayetafsiri neno kwa neno atatuandikia ati ni utumbo wa paka. Wala hakuna paka hapo! Protini yake ni kolajeni, ile ile iliyomo katika ngozi na kano. Kila molekuli ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja, mfano wa kamba ya usumba. Ni imara, lakini vimeng’enya vya mwili huikata, na nguvu ya uzi huisha kwa wiki moja au mbili. Ukitiwa chumvi za kromiamu, hudumu zaidi.

Hariri nayo ni protini, itokayo kwenye kifukofuko cha nondo. Gundi yake ikishaondolewa hubaki fibroini, ambayo molekuli zake zimelala tabaka juu ya tabaka, zikabanana hata vimeng’enya vikapenya kwa shida. Huchukua miezi mingi kudhoofika mwilini. Ndiyo sababu ikishonwa kwenye ngozi hutolewa.

Ukaidi huo una faida yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, pamoja na wenzao, walieleza skrubu za hariri za kuungia mfupa, walizozijaribu kwa panya. Shabaha ni kwamba mfupa ukipona, mgonjwa asipasuliwe tena kutolewa chuma. Nasi malighafi hatuikosi: kituo cha icipe, Kasarani, Nairobi, kimewafunza wakulima ufugaji wa viwavi wa hariri.

Siku hizi nyuzi nyingi zinazofyonzwa si za protini. Hutengenezwa viwandani, na maji ya mwili ndiyo huzivunja. Kwa macho tu huwezi kuzipambanua. Basi ukishonwa, usitosheke na ‘utayeyuka’. Uliza: “Daktari, huu ni wa kufyonzwa au wa kutolewa? Nirudi lini?”