Kuanzisha na Kukuza Biashara ya Nyumbani: Mfano wa Waanika Dagaa

Ofisi ya miradi ya dayosisi huendelea kupokea barua kutoka sharika za kando ya ziwa zikiomba mtaji kwa ajili ya vikundi vya akina mama. Barua nyingi zinafanana. Kuna kiasi cha fedha kinachoombwa, idadi ya wanachama, sahihi ya mchungaji na muhuri wa usharika. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo ya biashara yenyewe: mama atanunua nini, atamuuzia nani, na hasara ikitokea itabebwa na nani.

Katika toleo hili tunaeleza namna biashara ya nyumbani inavyoanza na inavyokua. Tunatumia mfano wa kuanika dagaa kwa sababu sharika zetu nyingi zinaufahamu. Yanayosemwa hapa yanamfaa pia mama muuza maandazi, mfuga kuku na fundi cherehani.

Kwa nini dagaa

Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria kati ya miaka ya 1950 na 1960, na baadaye vikajengwa viwanda vya minofu hapa Mwanza. Biashara hiyo inahitaji barafu, magari na mtaji mkubwa. Dagaa anahitaji jua, mikono na mahali pa kuanikia, ndiyo maana familia yenye kipato kidogo inaweza kuanza naye nyumbani. Soko nalo lipo. Dagaa wakavu wa Ukerewe, Sengerema na visiwani hufikishwa soko la Mwaloni, Kirumba, ambako hununuliwa na wafanyabiashara wa mikoa mingine na hata wa nchi jirani, wakiwemo wa Kongo.

Hata hivyo, biashara hii ina kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo mama hana cha kuanika, lakini watoto wanakula na marejesho ya mkopo yanadaiwa. Aidha, kuna mvua za vuli na za masika. Anayepanga marejesho ya kila wiki bila kuitazama kalenda hii anajitafutia matatizo.

Hesabu kabla ya mtaji

Katika Luka 14 Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tuketi. Bei zifuatazo ni za kufundishia tu. Kila kikundi kiweke bei za mwalo wake.

Mama ananunua ndoo 10 za dagaa wabichi kwa shilingi 8,000 kila moja, jumla 80,000. Usafiri ni 5,000, kibarua wa kumsaidia 6,000, magunia 4,000 na ushuru 3,000. Matumizi yote ni shilingi 98,000. Anauza kwa 130,000 na kubaki na 32,000. Akina mama wengi huiita hii faida, lakini bado hajajilipa. Kama amefanya kazi siku mbili, na kibarua kwa siku angelipwa 6,000, basi 12,000 ni ujira wake. Inabaki 20,000. Akitenga 5,000 kwa ajili ya kukarabati vifaa, faida halisi ni 15,000.

Sasa tuseme katika mizunguko mitatu, mmoja umenyeshewa. Dagaa walioharibika wanauzwa kwa ajili ya chakula cha mifugo kwa 60,000. Mzunguko huo una hasara ya 38,000. Tukijumlisha yote mitatu: 32,000 na 32,000, tukitoa 38,000, zinabaki 26,000. Mama amefanya kazi siku sita ambazo zingemlipa 36,000 kama kibarua. Maana yake ni kwamba mvua ya siku moja imekula faida yote na sehemu ya ujira wake. Kama alianza kwa mkopo, riba haijalipwa bado.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka kamati zetu zilielewe. Mama huyu akiongezewa mtaji wa ndoo 20, mvua ileile itamletea hasara maradufu. Tatizo lake la kwanza ni upotevu, na kumwongezea fedha kabla ya kuziba upotevu ni kumwongezea deni.

Chanja na turubai

Dagaa wanaoanikwa mchangani hushika mchanga, huliwa na ndege na kuku, na huchelewa kukauka kwa upande wa chini. Mlaji akitafuna mchanga harudi tena kwa muuzaji yule. Mnunuzi wa Kirumba huwatambua mapema, na huwapangia bei ya chakula cha kuku.

Chanja ni meza ya miti iliyoinuliwa usawa wa kiuno na kutandikwa wavu wenye matundu madogo. Hewa hupita juu na chini, hivyo dagaa hukauka upesi na kubaki safi. Wasirundikwe, bali watandazwe kwa tabaka jembamba na kugeuzwa. Dagaa aliyekauka vizuri akivunjwa hukatika badala ya kupinda. Mawingu yakitanda, turubai hufunikwa juu ya chanja kwa dakika chache, wakati aliyeanika mchangani anahangaika kukusanya kwa ufagio.

Chanja zijengwe wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tena, mwaka 2020 na 2024 maji ya ziwa yalipanda kupita kiasi na kufunika maeneo mengi ya ufukwe. Ni vema chanja ziwe za kuhamishika, na zikae karibu na nyumba ambako kuna mtu wa kuangalia.

Fedha ya nyumba na fedha ya biashara

Biashara ikiwa nyumbani, nyumba huila. Mtoto anaumwa usiku, mgeni anafika, Januari inafika na mahitaji ya shule, na fedha iliyo karibu ni ile ya kununulia dagaa kesho. Hakuna anayeweza kumlaumu mama kwa kumpeleka mtoto zahanati. Lakini biashara isiyojua ni kiasi gani kimetoka haiwezi kujua kama inaishi au inakufa.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, kuwe na mikoba miwili, mmoja wa nyumba na mwingine wa biashara, au laini mbili za simu kwa wanaotunza fedha kwenye simu. Pili, mama ajilipe ujira wake uliopangwa, na mahitaji ya nyumba yatoke katika ujira huo. Tatu, kila kinachotoka kiandikwe kwenye daftari, hata kisado cha dagaa kilichopikwa nyumbani na kile alichopewa shemeji kwa mkopo. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wake anayesoma. Tumeona pia kwamba mambo huenda vizuri zaidi pale baba mwenye nyumba anapokaa na kuliona daftari hilo. Akijua kwamba 98,000 ni za kununulia mali, si rahisi kuziita faida.

Mtaji utoke wapi

Mtaji wa kwanza ulio salama ni akiba. Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambao CARE ilianza nao nchini Niger mwaka 1991, umeenea Tanzania, na wengi tunaufahamu kwa jina la VICOBA. Wanachama hununua hisa kila wiki, sanduku hufungwa kwa kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, na riba hubaki kwa wanachama wenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinapaswa kusajiliwa. Kamati ziulize cheti.

Halmashauri nazo hutoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuonana naye kwanza.

Mikopo ya haraka ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu" tunaishauri iepukwe. Marejesho yake hayasubiri mbalamwezi ipite, na akina mama wamenyang'anywa vyombo vya ndani kwa ajili yake.

Kukua hatua kwa hatua

Baada ya upotevu kuzibwa na daftari kuonyesha faida kwa miezi kadhaa, sasa mtaji uongezwe. Akina mama watano wakikusanya magunia yao pamoja hugawana gharama ya usafiri na huwa na sauti mbele ya mnunuzi. Siku za mbalamwezi zijazwe na kazi nyingine. Ufugaji wa kuku unafaa sana, kwa kuwa vumbi la dagaa na waliovunjika huwa chakula chao.

Wanaotaka kufungasha dagaa kwa ajili ya maduka wapite SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu 1973, kwa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji. Masuala ya ubora wa chakula yako chini ya TBS tangu 2019, yalipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Hatua hii isiharakishwe, maana mfuko mzuri hauwezi kuficha mchanga.

Kwa kamati na wafadhili

Kabla ya kamati kupitisha ombi la kikundi, iulize maswali haya:

1. Hesabu ya mzunguko mmoja iko wapi, na je, ujira wa mama umo?
2. Mvua ikinyesha, mali itafunikwa na nini?
3. Siku za mbalamwezi familia itakula nini na kurejesha nini?
4. Daftari liko wapi, na nani mwingine nyumbani analifahamu?
5. Kikundi kimejiwekea akiba kiasi gani chenyewe?

Kwa marafiki na wafadhili wetu, mtaona kwamba maombi yetu yana mbao, wavu, turubai na siku za mafunzo kabla ya fedha za kukopesha. Sababu ni hesabu iliyoko hapo juu. Turubai linalookoa mzunguko mmoja linamwezesha mama kurejesha mkopo kwa jasho lake, bila kuuza mbuzi wa familia.

Kamati zilizo tayari ziandae hesabu ya mzunguko mmoja kwa bei za mwalo wao na kuituma ofisini pamoja na barua ya maombi. Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.