Pedi Hazina Kosa, Pini Ndizo Zimekwama

Mwenye gari mjini Bariadi akisikia breki za mbele zinakwaruza, hukimbilia kununua pedi. Muda si mrefu zinakwaruza tena, na lawama humwangukia muuza spea: kauza feki. Feki zipo kweli, lakini kwanza zitoe pedi uzitazame. Ya ndani ikiwa imelika hadi chuma na ya nje bado nene, usilaumu duka. Pedi mbovu ingelika pande zote. Kilichoshindwa kazi ni kalipa, kile kibanio cha chuma kinachoikumbatia disiki. Katika gari ndogo nyingi za Toyota tunazoendesha, kalipa ya mbele ina pistoni upande wa ndani tu. Ukikanyaga breki, pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje. Pini zikikwama, pedi ya ndani hubeba mzigo peke yake na hata kuachia haiachii vizuri. Gari huvuta upande na rimu huchemka. Na mkoa wetu wa Simiyu una kila kitu cha kuzikwamisha: udongo mweusi wa mbuga unaonata wakati wa mvua, kisha vumbi la kiangazi. Kipira kinachofunika pini kikipasuka, maji na vumbi huingia, grisi hukauka, kutu hushika.

Wapo wanaosema breki si ya kuchezea nyumbani. Nusu ya hoja hiyo naikubali: pistoni ikivuja au pedeli ikiwa laini, nenda kwa fundi. Kusafisha pini, hata hivyo, hakufungui njia ya mafuta ya breki. Wengine hudai nchi yetu ni tambarare, breki hazichoki. Ng'ombe wanaokatiza barabara ya Lamadi hawaijui hoja hiyo. Kinachoua ni kazi ya haraka: kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, badala ya stendi imara na mawe nyuma ya matairi. Kalipa ikishafunguliwa ifunge kwa waya, isining'inie kwenye hosi. Pini moja huwa na kipira nchani, basi kila moja irudi tundu lake. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kupaka grisi ya beringi. Hiyo ina mafuta ya madini, huvimbisha vipira, na pini hukwama upya. Itakiwayo ni grisi ya silikoni ya breki, kidogo tu, baada ya kufuta kutu yote. Vumbi la pedi lifute kwa kitambaa kibichi, usilipulize. Ukishafunga kila kitu, usiondoke kwanza: pampu pedeli mpaka iwe ngumu, maana pistoni uliyoirudisha ndani ili pedi ziingie haitashika kwa mkanyago wa kwanza.