Lugha na Hesabu katika Madarasa ya Kati ya Shule ya Msingi

Aghalabu hesabu huchukuliwa kuwa somo lisilohitaji lugha. Husemwa kwamba tarakimu 7 ni ile ile Lamu na Kisumu, na mtoto anayeshindwa kugawanya huambiwa kwamba kichwa chake ni kizito. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba baadhi ya makosa ya mtoto wa darasa la 3, la 4 au la 5 hutokana na maneno anayofundishiwa, na kwamba Kiswahili kina mahali kinapomsaidia na mahali kinapomtatiza. Mwalimu asiyepambanua mahali hapo huenda akamwadhibu mtoto kwa kosa ambalo si la hesabu.

Madarasa hayo hayakuchaguliwa kwa kubahatisha. Katika miaka miwili ya mwanzo mtoto huhesabu vitu anavyoviona: vijiti, kokoto, vifuniko vya soda. Baadaye hutakiwa kuhusisha idadi na idadi. Hujifunza thamani ya tarakimu hadi maelfu, kuzidisha, kugawanya, na sehemu za kitu kizima. Mambo hayo hayashikiki mkononi kama kokoto. Hushikwa kwa maneno. Tena ni wakati huo huo ambapo lugha ya kufundishia hubadilishwa nchini Kenya. Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono Kiingereza tangu darasa la 1. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumiwe katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha Kiingereza tangu darasa la 4. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, uliuhifadhi mpaka huo. Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967, haikuuweka mpaka wake hapo. Mtoto wa Kenya, basi, hukutana na dhana mpya na lugha mpya karibu kwa wakati mmoja.

Thamani ya Tarakimu

Majina ya namba za Kiswahili yana asili mbili. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya Kibantu. Sita, saba, tisa, na majina ya makumi kuanzia ishirini, yametoka katika Kiarabu. Kwa namba za 11 hadi 19 mtoto ana bahati. Kumi na moja husema wazi kwamba kuna kumi, na juu yake kuna moja, ilhali Kiingereza huzitaja 11 na 12 kwa maneno yasiyoonyesha kumi. Bahati hiyo hupungua kuanzia 20. Sitini, sabini na tisini hufanana na sita, saba na tisa kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja. Lakini mbili haisikiki ndani ya ishirini, wala tatu ndani ya thelathini, wala tano ndani ya hamsini. Mtoto wa Kikuyu asemaye mĩrongo ĩĩrĩ, yaani makumi mawili, huisikia thamani ya tarakimu kila anapoitamka namba. Upungufu huu waweza kufidiwa kwa kumzoeza mtoto kuisoma 34 kwa njia mbili: thelathini na nne, kisha makumi matatu na mamoja manne.

Sufuri nayo huleta tatizo lake. Namba 305 husomwa mia tatu na tano; nafasi ya makumi haitamkwi kabisa. Mtoto asikiaye mia tatu, kisha tano, huandika 300 na kuifuatisha 5, akapata 3005. Ameandika barabara kile alichokisikia. Vivyo hivyo kiungo "na" hubeba uzito mkubwa kuliko umbo lake: elfu na mia mbili ni 1,200, lakini elfu mia mbili ni 200,000. Silabi moja ndiyo inayozitenga. Kwa hiyo imla ya namba ni zoezi la kusikiliza kabla ya kuwa zoezi la hesabu, na makosa yake yapasa kusahihishwa hivyo.

Kuzidisha na Kugawanya

Alama ya kuzidisha husomwa "mara". Katika sarufi ya Kiswahili, neno hilo pamoja na namba inayolifuata hueleza tendo limerudiwa kiasi gani, kama katika sentensi: alibisha hodi mara nne. Tatu mara nne, basi, ni tatu iliyochukuliwa mara nne, yaani 3 + 3 + 3 + 3. Kiingereza huelekea kuipanga fikra hiyo kinyume: idadi ya marudio hutangulia, na maneno yale yale ya 3 × 4 huleta picha ya 4 + 4 + 4. Kwa kuwa jawabu ni 12 kwa njia zote mbili, tofauti hiyo haimshtui mwalimu. Hujitokeza mtoto anapoambiwa achore, au anaposoma hesabu ya maneno. Tiba yake si ngumu. Maharagwe yakipangwa safu tatu za nne nne, mtoto akayatazama kutoka upande mmoja kisha kutoka upande wa pili, ataona kwamba picha zote mbili ni za maharagwe yale yale.

Kugawanya kuna maana mbili ambazo mtoto hana budi kuzitenganisha. Machungwa 12 huweza kugawiwa watoto 3, ikaulizwa kila mmoja atapata mangapi. Machungwa hayo hayo huweza kupangwa kwa mafungu ya matatu, ikaulizwa mafungu yatakuwa mangapi. Hapa Kiswahili ni tajiri. Maana ya kwanza huelezwa kwa kauli ya kutendea: wagawie watoto watatu. Ya pili huelezwa kwa kurudia namba: yapange matatu matatu. Mtoto aliyewahi kutumwa sokoni ameona nyanya zikipangwa nne nne, na anajua kwamba nyanya 14 zitatoa mafungu 3 na kubakiza 2 zisizotimiza fungu. Baki, neno linalowasumbua wengi darasani, analifahamu tayari. Hata hivyo, somo huanza kwa kanuni kavu, "kumi na mbili gawanya kwa tatu", ambayo huzificha maana zote mbili. Ingefaa sentensi za sokoni zitangulie, kanuni ifuate.

Sehemu

Majina ya sehemu huonekana kama orodha ya kukaririwa tu: nusu, theluthi, robo, humusi, thumuni. Kumbe mengi yao ni ndugu wa majina ya makumi, kwa kuwa yote yametoka katika Kiarabu. Theluthi ni ndugu wa thelathini, robo wa arobaini, humusi wa hamsini, thumuni wa themanini. Mtoto akionyeshwa ukoo huo ana njia ya kukumbuka. Lakini pana hadhari: sarafu ya senti hamsini iliitwa sumuni, jina litokanalo na thumuni, ingawa ilikuwa nusu ya shilingi wala si sehemu yake ya nane.

Kosa lijulikanalo sana ni kudhani kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4. Lingine ni kujumlisha 1/2 na 1/3 na kupata 2/5. Usomaji wa "moja juu ya mbili" huchangia, kwani humwonyesha mtoto namba mbili zilizopandana badala ya kiasi kimoja. Istilahi za vitabu vya Tanzania, kiasi kwa namba ya juu na asili kwa ya chini, humsaidia kuzipa namba hizo kazi mbalimbali. Vipimo vya kale husaidia zaidi. Pishi moja ilikuwa na visaga viwili au vibaba vinne. Kisaga ni nusu ya pishi, kibaba ni robo yake. Kadiri vipimo vinavyokuwa vingi ndani ya pishi, ndivyo kila kimoja kinavyokuwa kidogo. Kopo la mahindi na vikombe viwili vya ukubwa tofauti vyatosha kulionyesha jambo hilo katika darasa lolote.

Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba lugha ndiyo chanzo cha kila kosa la hesabu, wala kwamba Kiingereza hakifai. Linalodaiwa ni kwamba mtoto anapoingia darasa la 4 apitishwe kutoka lugha moja hadi nyingine kwa maelezo: namba isomwe kwa lugha zote mbili, picha ya "mara" ilinganishwe, na maana mbili za kugawanya zitajwe kabla ya alama kutumiwa. Mwalimu wa hesabu hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Idara za lugha, ambazo kwa kawaida hushughulikia istilahi za fasihi na isimu, zina wajibu wa kuchunguza pia maneno ya darasa la 4. Mtoto aliyeandika 3005 anastahili kuulizwa alisikia nini kabla hajahukumiwa kuwa hajui kuhesabu.