Mgonjwa Mmoja, Maradhi Zaidi ya Moja: Namna Tabibu Anavyoyaandika

Ndugu wa mgonjwa huweza kushangaa wanapoona daftari la kliniki ya afya ya akili limeandikwa magonjwa mawili au matatu. Wengine hudhani kwamba tabibu ameshindwa kuutambua ugonjwa. Sivyo. Mtu aweza kuwa na sonona pamoja na uraibu wa pombe. Mwingine akawa na skizofrenia pamoja na kifafa. Kila ugonjwa una tiba yake, hivyo hauna budi kuandikwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu magonjwa ya akili, katika toleo la 10 la uainishaji wa magonjwa, unamwelekeza tabibu aandike magonjwa yote yanayohitajika ili hali ya mgonjwa ieleweke kikamilifu. Mmoja hutangulizwa ukawa ugonjwa mkuu. Mara nyingi ni ule uliomleta mgonjwa kliniki. Mengine hufuata chini yake, wala hayadharauliwi, kwa kuwa katika hudhurio jingine mpangilio waweza kubadilika.

Kila ugonjwa hupewa alama yake: sonona F32, maradhi yatokanayo na pombe F10, skizofrenia F20. Kifafa ni G40, kwa sababu si ugonjwa wa akili bali wa mfumo wa fahamu, ingawa wenye kifafa wengi huhudumiwa katika kliniki hizo hizo.

Pasipo na uhakika, tabibu huandika utambuzi wa awali. Mathalani, huzuni ya mnywaji yaweza kuwa sonona, au yaweza kuletwa na pombe yenyewe. Humwangalia mgonjwa kwa majuma kadhaa baada ya kuacha pombe, ndipo athibitishe.

Ugonjwa mmoja ukiachwa, madhara yake si madogo. Klopromazini, dawa itumikayo kutibu skizofrenia, huweza kuongeza uwezekano wa mwenye kifafa kuanguka. Tabibu wa kituo kingine asipokuta kifafa kimeandikwa, hatajua kuchukua tahadhari.

Kwa hiyo, wakazi wanaombwa wafike kliniki na daftari pamoja na dawa zote zinazotumika, na waeleze bila kuficha habari za pombe, bangi, kifafa au ujauzito. Taarifa hizo ni siri ya mgonjwa na mtoa huduma. Apewapo rufaa, mgonjwa au ndugu yake aulize iwapo magonjwa yote yametajwa katika barua. Mgonjwa asiache dawa yoyote kabla ya kushauriana na tabibu wake.