Nani Anayeikoroga Bahari?

Chai isiyokorogwa huwa na tabia yake: sukari hutuama chini ya kikombe, na anayeonja juu hudhani haikutiwa kabisa. Bahari nayo haiko mbali na hali hiyo. Maji ya baridi na yenye chumvi nyingi ni mazito, basi hukaa chini. Ya vuguvugu ni mepesi, basi huelea juu. Watoto wanaocheza ufuoni hapa kwetu huoga maji ya nyuzijoto 25 na zaidi, ilhali kilomita nne chini ya bahari hiyo hiyo maji hayafiki hata nyuzijoto 3, katika giza ambalo jua halijapata kulifikia.

Baridi hiyo haikuzaliwa hapa. Bahari ya Hindi imezibwa na bara la Asia upande wa kaskazini, wala haina pembe yenye baridi ya kutosha kuyazamisha maji hadi sakafuni. Maji hayo yametoka kando ya Antaktika, katika bahari kama ile ya Weddell. Huko, maji yanapoganda kuwa barafu, chumvi huachwa nyuma, na maji yanayobaki huwa mazito hata yakazama moja kwa moja. Kisha huanza safari ya kuelekea kaskazini: hupita mashariki ya Madagaska, hupenya njia nyembamba ya kilindini karibu na visiwa vya Amirante huko Shelisheli, ndipo huingia katika bonde la bahari lililo mbele ya Somalia na Kenya. Safari hiyo ni ya mamia ya miaka. Karibu na Greenland nako kuna maji yanayozama namna hiyo, yakaingia kilindi cha Atlantiki.

Sasa, msomaji mpenzi, jiulize. Ikiwa baridi inamiminwa chini karne baada ya karne, mbona bahari haijajaa baridi hadi karibu na juu? Lazima maji hayo yapande mahali fulani. Lakini maji mazito hayapandi kwa hiari yake. Ni mpaka yachanganyike na yaliyo juu yake, yapate joto, yawe mepesi. Kwa ufupi, panahitajika kijiko.

Mwaka 1966 Walter Munk, mwanasayansi mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi katika taasisi ya Scripps, California, alipiga hesabu ya nguvu ya kijiko hicho kwa kutazama jinsi joto linavyopungua kadiri mtu ashukavyo katika Bahari ya Pasifiki. Hesabu ilikuwa safi. Taabu ilianza watu walipokwenda kupima: katika bahari ya wazi walikuta ukorogaji ambao ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ule uliotakiwa. Kwa miaka mingi swali likabaki pale pale, sehemu tisa zilizosalia ziko wapi?

Jawabu lilianza kuonekana mwaka 1996. Watafiti walishusha zaidi ya kilo 100 za kemikali maalumu, ambayo hutambulikana hata ikiwa chembe ndogo mno, hadi kina cha kilomita nne hivi upande wa Brazil, kisha wakarudi baadaye kuitafuta ilikoenea. Juu ya sakafu tambarare maji yalikuwa yametulia. Juu ya miteremko yenye mawe na mabonde ya safu ya milima iliyo katikati ya Atlantiki, maji yalikuwa yakivurugika vikali, na vurugu hizo ziliongezeka kadiri walivyokaribia sakafu.

Basi milima ndiyo kijiko. Na mkono unaokishika, kwa sehemu kubwa, ni mwezi. Sisi watu wa pwani tunajua maji kujaa na kupwa, tunajua bamvua na maji mafu. Lakini huwa tunadhani mambo hayo ni ya ufuoni tu. La hasha. Mvuto wa mwezi na jua huisukuma bahari nzima, kuanzia juu hadi sakafuni. Maji hayo yanapopita juu ya milima ya chini huzusha mawimbi yaliyofichika ndani ya bahari, mengine ya urefu wa zaidi ya mita 100, huku juu nahodha akiona shwari. Mawimbi hayo huvunjika kama yale ya ufuoni, na hapo baridi na vuguvugu huchanganyika. Mwaka 1998 Munk na mwenzake Carl Wunsch walikadiria kwamba kazi yote inahitaji nguvu ya wati trilioni 2 hivi, takriban nusu itoke kwa maji kujaa na kupwa, na nusu kwa upepo. Nguvu hiyo hailipwi bure: mwezi husogea mbali nasi sentimita 3.8 kila mwaka.

Mgao wa upepo bado unabishaniwa. Pepo kali zinazoizunguka Antaktika huvuta maji ya kilindini hadi juu bila kusubiri kukorogwa, na wapo wanaosema huo ndio mlango mkuu wa kurudia. Hata hivyo, kijiko hakijapoteza kazi. Mwaka 2021 watafiti walimwaga rangi karibu na sakafu ya korongo la baharini magharibi ya Ireland, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha maji yakiukwea mteremko kwa kasi ya mita 100 hivi kwa siku. Kwa mambo ya kilindini, hiyo ni mbio.

Haya si mambo ya wasomi peke yao. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na moshi wa viwanda na magari limemezwa na bahari. Litashuka hadi wapi, na litakaa huko kwa muda gani, hutegemea ukorogaji huu. Kompyuta zinazobashiri hali ya hewa ya miaka ijayo haziwezi kuuona, kwa kuwa huigawa bahari katika vipande vya kilomita nyingi, ilhali vurugu zenyewe huishia katika sentimita. Hulazimika kuambiwa kiasi chake, na kikikosewa, hesabu ya kupanda kwa maji ufuoni nayo huyumba. Ndiyo maana meli za utafiti zingali zinateremsha vipimo vyao kwenye milima ile isiyoonekana, korongo baada ya korongo.